Chupa imefungwa, lakini je, maji yaliyomo ni salama?

Na DAKTARI WETU

ALASIRI moja ya jua kali mjini Lodwar, mama mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa amembeba mwanawe wa miezi minane. Mtoto alikuwa ameendesha kwa siku mbili. Macho yalikuwa yamezama, mdomo umekauka, na nilipoifinya ngozi ya tumbo lake ilikawia kurudi mahali pake. Nyuma yao alifuata nyanya ya mtoto, akaketi karibu na mlango.

Nilianza na swali ninalouliza kila siku: "Mama, mtoto hunywa maji gani?"

Alionekana kuudhika. Alifungua mkoba wake, akatoa chupa ya plastiki iliyobaki nusu na kuiweka mezani. "Daktari, huyu hajawahi kuonja maji ya mtungi. Mimi humnunulia ya chupa. Naweza kukosa pesa za mboga, lakini za chupa sikosi."

Nyanya akacheka kidogo. "Sisi tulichimba mchanga wa laga tukanywa," akasema. "Na watoto wakakua."

"Wote walikua, nyanya?" nikamwuliza.

Alinyamaza. "La," akajibu baadaye. "Wawili tuliwazika."

Tulimpa mtoto maji ya ORS kwa kijiko, kidogo kidogo, pamoja na tembe za zinki. Jioni ya siku iliyofuata alikuwa akicheza. Lakini kabla ya kuondoka, mama yake aliinyanyua ile chupa na kuniuliza: "Sasa daktari, hii ni salama au si salama?"

Sikuwa na jibu. Siwezi kuapa kwamba maji ya chupa ile ndiyo yaliyomwangusha mtoto, kwa maana kuhara kwa mtoto wa umri huo huletwa na mambo mengi: mikono michafu, uji uliolala, chuchu ya chupa ya maziwa, virusi. Hata hivyo, swali lake lilikuwa la haki. Nimesomea udaktari na kutibu watu kwa miaka mingi. Maji ya chupa nimeyanywa, na wagonjwa nimewashauri wayanywe. Lakini sikuwa nimewahi kuyapima hata mara moja.

Jaribio la mezani

Wiki hiyo nilinunua chupa tano za maji mjini: nne katika maduka mbalimbali na moja kwa mchuuzi wa kituo cha magari. Nikachota maji kwenye bomba la umma, na mengine ya bomba hilo hilo nikayatoa katika mtungi wa jirani uliokuwa umekaa siku mbili bila kifuniko. Mwisho, kwa ajili ya kulinganisha tu, nikaongeza maji ya kliniki yangu mwenyewe. Hayo hutoka katika ule mtambo wenye chupa kubwa ya lita 20 juu yake na kibomba kidogo mbele.

Nilitumia kipimo rahisi kilichobuniwa na wanasayansi wa India na kuchapishwa mwaka 1982. Ni karatasi iliyowekewa dawa, hutiwa ndani ya chupa ndogo isiyo na viini, kisha maji humiminwa juu yake. Bakteria wengi wanaoishi matumboni mwa watu na wanyama hutoa gesi inayonuka kama yai bovu. Gesi hiyo ikikutana na madini ya chuma yaliyo katika karatasi, maji hugeuka kuwa meusi. Katika miji yenye baridi chupa hizo huwekwa ndani ya kabati la joto. Lodwar haina haja ya kabati. Niliziacha juu ya rafu kwa siku mbili.

Chupa nne za madukani zilibaki safi. Ile ya kituo cha magari iligeuka nyeusi. Maji ya bomba yalibaki safi, ilhali yale ya bomba hilo hilo yaliyokaa mtungini yakawa meusi. Na maji ya mtambo wangu, ambayo kwa miezi mingi nilikuwa nikiwapa wagonjwa wamezee dawa, yalikuwa meusi kama wino.

Nilimwita kijana anayesimamia usafi. Chupa kubwa ilikuwa ikibadilishwa kila wiki bila kukosa, lakini tangi dogo lililo ndani ya mtambo na kile kibomba havikuwa vimeoshwa kwa zaidi ya mwaka. Kosa halikuwa lake, maana hakuna aliyemwambia. Kosa lilikuwa langu.

Jaribio hilo halikuwa utafiti. Chupa tano haziwezi kuhukumu maji yote ya Turkana, na kipimo chenyewe kina udhaifu wake: kisima chenye salfaidi ya asili kinaweza kuigeuza karatasi nyeusi bila kuwepo kinyesi, na karatasi iliyobaki safi haithibitishi kwamba hakuna virusi. Lakini lilinifundisha jambo ambalo ningependa kila msomaji alijue. Usalama wa maji hautokani na chupa wala na bei. Hutokana na yale yaliyofanywa kwa maji hayo kuanzia yanakotoka hadi yanapofika mdomoni.

Maabara hutafuta nini?

Watu wengi hudhani kupima maji ni kutafuta kipindupindu au homa ya matumbo. Sivyo. Viini vya magonjwa ni vya aina nyingi mno kutafutwa kimoja kimoja. Badala yake maabara hutafuta bakteria mmoja aitwaye E. coli, ambaye huishi katika utumbo wa binadamu na wa wanyama wenye damu moto. Akipatikana, ni ishara kwamba kinyesi kimeyafikia maji, na palipo na kinyesi paweza kuwa na kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu au ugonjwa wa ini. Kiwango kinachokubaliwa ni sufuri: hapatakiwi kuwa na E. coli hata mmoja katika mililita 100 za maji.

Mtaalamu huyachuja maji hayo kwa karatasi yenye vitundu vidogo mno ambavyo bakteria hawezi kupita. Karatasi hiyo huwekwa juu ya chakula cha bakteria na kutiwa katika joto la nyuzi 44 hadi siku ya pili. Kila bakteria aliyenaswa huzaana na kuwa doa linaloonekana kwa macho, na madoa hayo huhesabiwa. Viko vifaa vya kazi hii vinavyotoshea ndani ya sanduku moja na kutumia betri, na ndivyo vinavyofaa sehemu kama zetu. Sababu ni kwamba sampuli ya maji haiwezi kusafiri ovyo. Yafaa iwekwe katika kasha lenye barafu na ifike maabara ndani ya saa sita, na isizidi 24. Ukiitia kwenye buti la basi kutoka Lodwar kwenda Eldoret, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 juani, majibu utakayopata yatakuwa ya safari, si ya maji.

Jambo la pili linalopimwa ni klorini. La tatu ni madini: chumvi, naitreti, floraidi na mengineyo. Haya mawili yana uzito wa pekee katika kaunti hii.

Askari ndani ya maji

Maji ya bomba yakitibiwa vizuri huachiwa klorini kidogo ndani yake. Shirika la Afya Duniani, WHO, linataka isipungue miligramu 0.2 kwa kila lita pale mwananchi anapochota. Hii ndiyo harufu ambayo wengi huilalamikia. Lakini harufu hiyo ni askari. Ukitia kikombe kisicho safi mtungini, klorini iliyobaki huweza kuua viini vilivyoingia, mpaka nayo iishe. Kuipima ni kazi ya dakika moja: tembe moja hutiwa katika maji, na yakigeuka waridi, askari yupo. Kadiri rangi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi.

Maji ya chupa kwa kawaida hayana askari huyo. Viwanda vingi huchuja maji ya kisima kwa mitambo yenye utando mwembamba, kisha huua viini kwa mwanga maalumu au kwa gesi ya ozoni, ambayo hutoweka baada ya muda mfupi. Ladha hubaki nzuri, na maji hubaki salama maadamu kiwanda ni kisafi na chupa haijafunguliwa. Lakini pindi unapoifungua na kuinywa kwa mdomo, au kuijaza upya, hakuna chochote kinachowazuia bakteria kuzaana. Katika joto la Lodwar, chupa iliyofunguliwa asubuhi na kuachwa dirishani si maji yale yale jioni.

Hata chupa isiyofunguliwa hutegemea chanzo chake. Mwaka 1974, nchini Ureno, kipindupindu kilienea na wachunguzi wakagundua kwamba mojawapo ya njia zake ilikuwa maji ya chemchemi yaliyouzwa yakiwa ndani ya chupa. Walionunua waliyaamini kwa sababu ya jina lake.

Fundisho la Kakuma

Kilomita 120 hivi kaskazini magharibi ya Lodwar, kando ya mto Tarach ambao hukauka sehemu kubwa ya mwaka, iko Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa hapo mwaka 1992, na leo pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu zaidi ya 200,000. Maji yao hutoka visimani, hutiwa klorini na kusambazwa kwa mabomba. Mfanyakazi wa shirika hunywa ya chupa. Mkimbizi na jirani yake Mturkana hunywa ya mtungi.

Kati ya Aprili na Juni 2005 kipindupindu kilizuka kambini. Watu 418 waliugua na wanne wakafa. Watafiti waliwalinganisha walioougua na wasioougua, na waliyoyapata yafaa yaandikwe katika kila ukuta wa jikoni. Waliokuwa wakihifadhi maji ya kunywa nyumbani katika vyombo vilivyofunikwa walikuwa na hatari ndogo kwa takriban nusu. Waliotumia choo kimoja na familia nyingine tatu au zaidi walikuwa na hatari karibu maradufu. Na waliokuwa wamewasili kambini karibuni, kuanzia Novemba 2004, ndio walioathirika zaidi.

Kilichowakinga watu, basi, kilikuwa kifuniko cha mtungi. Ndiyo maana sikushangaa kupata maji ya bomba yakiwa safi na ya mtungi wa jirani yakiwa meusi. Maji mengi huchafuliwa baada ya kuchotwa, kwa mkono na kwa kikombe.

Floraidi: adui asiyechemka

Ukipita katika shule za Turkana utawaona watoto wenye meno ya kahawia, mengine yenye vishimo. Wengi hudhani hawapigi mswaki. Ukweli ni kwamba miamba ya Bonde la Ufa ina floraidi nyingi, na maji yanayopita ndani yake huibeba. Maji ya Ziwa Turkana yanayo kupita kiasi, na baadhi ya visima vya eneo la Kakuma vimepimwa na kuonekana kuzidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na WHO. Mtoto anayekunywa maji hayo kabla ya kufikisha miaka minane, wakati meno ya ukubwani yanajijenga, hubaki na madoa maishani. Yakifika miligramu 3 hadi 6 na kunywewa kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kuchemsha hakuondoi floraidi; maji yanapopungua sufuriani, yaliyobaki huwa nayo nyingi zaidi. Klorini haiigusi, wala jua. Huondolewa kwa mitambo ya utando mwembamba, au kwa vichujio vya makaa ya mifupa kama vile ambavyo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imekuwa ikivitengeneza. Kwa hiyo katika jambo hili maji ya chupa yaliyotengenezwa vizuri yanaweza kuwa bora kuliko ya kisima, lakini ni mpaka kibandiko kikuonyeshe kiasi cha floraidi kilichomo.

Tuliwahi kupewa matumaini makubwa. Mnamo Septemba 2013 serikali na shirika la UNESCO zilitangaza kugunduliwa kwa hifadhi kubwa ya maji chini ya ardhi ya Turkana, ikiwemo ile ya Lotikipi. Watu walisherehekea. Baadaye visima vya majaribio vilionyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi. Wingi wa maji ni jambo moja, na ubora wake ni jingine. Hili la pili halijulikani mpaka yapimwe.

Ikague chupa kabla hujalipa

Huna maabara mfukoni, lakini una macho na simu. Fanya haya:

1. Tazama kizibo. Pete ya chini iwe bado imeshikana nacho, na usikie ikikatika unapofungua. Kizibo kinachozunguka kwa ulaini kimeshafunguliwa.

2. Ipindue chupa na kuibinya. Ikitoa hata tone moja, irudishe.

3. Iinue kwenye mwanga. Vitu vinavyoelea, utando wa kijani au mikwaruzo mingi ni dalili ya chupa iliyookotwa na kujazwa upya.

4. Soma kibandiko: jina na anwani ya kiwanda, nambari ya kundi, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Kibandiko kilichofifia au kisicho na anwani kisikupe imani.

5. Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini, KEBS, pamoja na nambari ya kibali. Alama peke yake inaweza kughushiwa. Tuma ujumbe wa simu wenye herufi SM, alama ya #, kisha nambari ya kibali, kwenda 20023. Utajibiwa kibali hicho ni cha nani na kama bado kinatumika.

6. Ukimaliza kunywa, ikunje chupa au itoboe kabla ya kuitupa, ili asije mtu akaijaza na kumwuzia mwanao.

Ukishuku maji fulani, usiyamwage. Yahifadhi pamoja na chupa, kizibo na risiti, uende kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo yako. Sheria ya Afya ya Umma na ile ya Vyakula, Dawa na Kemikali zinampa mamlaka ya kuchukua sampuli dukani. KEBS nayo ina ofisi Eldoret inayohudumia sehemu hizi. Kuuliza si kujitia makuu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha.

Mtoto asiyefikisha miezi sita

Hapa naomba kusema wazi. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji yoyote, yawe ya chupa, ya bomba wala yaliyochemshwa. Maziwa ya mama yanamtosha, hata katika joto la Lodwar na Kakuma, kwani sehemu kubwa ya maziwa hayo ni maji. Akiona kiu, mpe titi mara nyingi zaidi. Mama ndiye anayepaswa kunywa maji kwa wingi.

Kama kwa sababu ya kiafya mtoto anatumia maziwa ya unga, usikoroge na maji ya chupa yaliyo baridi kwa kudhani ni safi. Unga wenyewe unaweza kuwa na viini. Chemsha maji, na uyatumie yakiwa bado na joto lisilopungua nyuzi 70. Kisha poza maziwa kabla ya kumpa, na yanayobaki usiyaweke.

Asiyeweza kununua chupa afanye nini?

Kwa bei ya chupa moja ya lita moja, familia hununua mitungi kadhaa ya maji ya bomba. Mitungi hiyo inaweza kuwa salama sawa na chupa, au hata zaidi, ukifuata moja ya njia hizi.

Kutia dawa. Klorini ya chupa ndogo au ya tembe huuzwa madukani na mara nyingine hutolewa na wahudumu wa afya ya jamii. Fuata kipimo kilichoandikwa, tikisa, subiri dakika 30. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi.

Kuchemsha. Yaache yatokote vizuri kwa dakika moja kamili. Ni njia nzuri, lakini sote twajua kuni za Turkana zilivyo adimu, na ugomvi ambao kuni zimeleta kati ya wakimbizi na wenyeji.

Jua. Hili Mungu ametupa bila kipimo. Chukua chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita mbili, ioshe, ijaze maji yasiyo na tope, ilaze juu ya bati kwa saa sita. Siku ya mawingu mengi, iache siku mbili. Njia hii ilijaribiwa miongoni mwa Wamaasai wa Kajiado. Kipindupindu kilipozuka huko mwaka 1997 na 1998, kati ya watoto 155 wa chini ya miaka sita waliokunywa maji yaliyokaa juani waliougua ni watatu tu. Kati ya wenzao 144 waliokunywa maji ambayo hayakuwekwa juani, waliugua 20.

Lolote utakalochagua, weka maji katika chombo chenye shingo nyembamba na kifuniko. Mimina, usichote. Osha mtungi kila wiki.

Maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Je, chupa iliyokaa juani huleta saratani?

Hofu hii husambazwa sana kwa simu. Plastiki ya chupa za maji inaweza kuachia kiasi kidogo cha madini ya antimoni. Watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walionyesha hivyo mwaka 2006, lakini viwango walivyovipata vilikuwa chini sana ya mikrogramu 20 kwa lita zinazoruhusiwa na WHO. Joto kali la miezi mingi, kama ndani ya kontena, huongeza kiasi hicho. Saa sita juu ya bati si sawa na mwaka mzima ghalani. Mwenye duka aweke chupa kivulini, na wewe usinunue zilizopangwa nje juani.

Mchuuzi alitia vyuma viwili katika maji yetu yakageuka kahawia, katika yake yakabaki safi. Je, yetu ni mabaya?

La. Huo ni mchezo. Umeme hupita katika maji yenye madini, huula ule msumari wa chuma, na kutu ndiyo unayoiona. Maji yasiyo na madini hayapitishi umeme vizuri, kwa hivyo hayabadiliki. Vivyo hivyo ile kalamu yenye tarakimu hupima chumvi zilizoyeyuka tu. Maji yenye kipindupindu yanaweza kupata alama nzuri sana katika kalamu hiyo.

Tunanunua maji ya kujaziwa katika chupa kubwa. Yana ubaya?

Muulize mwenye duka kibali chake, na majibu ya vipimo vya karibuni. Chupa ioshwe mbele yako. Kisha mtambo wako nyumbani au ofisini uoshwe kwa maji ya klorini, tangi na kibomba, angalau mara moja kwa mwezi. Nasema haya kama mtu aliyeumbuka.

Mtoto akihara nifanye nini kwanza?

Anza ORS mara moja: pakiti moja kwa kiasi cha maji salama kilichoandikwa juu yake. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Zinki hutolewa kila siku kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa walio chini ya miezi sita, miligramu 20 kwa waliozidi. Mkimbize hospitalini iwapo hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amelegea, macho yamezama, ana damu katika choo, au choo chake ni maji matupu mengi yanayofanana na maji ya mchele.

Yule mama alirudi mtoto alipotimiza miezi tisa, kuja kumchanja surua. Mtoto alikuwa amenenepa. Mkobani hakukuwa na chupa ya dukani. Kulikuwa na kitungi cha lita tatu chenye kifuniko cha kuzungusha, na alipokifungua nilisikia harufu ya klorini kutoka mahali nilipoketi.

Nilipomkaribisha maji ya kunywa, aliutazama mtambo wangu kwa muda.

"Daktari," akaniuliza, "uliosha lini?"

Nilimwonyesha karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mtambo yenye tarehe na sahihi. Akaisoma mpaka mwisho, ndipo akanywa.